Kiti cha Waziri, Mkeka wa Babu

Kila mmoja wenu nimempa kipande. Hamisa nilimweleza kisa cha mpakani akacheka mpaka akakaa chini. Wengine mmesikia habari za basi lililokosa dizeli Harare, wengine za ofisi yenye dirisha kubwa. Juzi mmekutana, mkalinganisha vipande vyenu, mkaona havishikani. Basi nimekaa niandike yote kwa mfululizo, Tanga hadi Johannesburg na kurudi. Habari za viza na tiketi naziruka. Hakuna aliyewahi kufurahishwa nazo.

Kwanza mjue nilitumwa nini.

Babu, baba yake mama yangu, aliacha watoto watatu: Mjomba Athumani, mama yangu, na Mama mdogo Mwanaisha. Mama mdogo aliolewa na Themba, Msauzi aliyekuwa mkimbizi wa siasa akifundisha shule karibu na Morogoro. Themba alisilimu, akapewa jina la Twaha, na mtu pekee aliyelitumia jina hilo alikuwa Babu. Kwao kulipotulia wakahamia Johannesburg, na baada ya miaka tisa Themba alikuwa mkurugenzi katika idara moja ya serikali ya jimbo. Babu alipofariki, si yeye wala mkewe aliyekuja kuzika.

Kwetu hilo lilikuwa na uzito wake. Nilipokuwa darasa la kwanza, Themba alipata barua kwamba baba yake amefariki Afrika Kusini. Barua ilizunguka kupitia Ulaya, ikamfikia miezi mitatu baada ya maziko, na hata ingefika siku ile ile asingeweza kurudi. Babu akatandika mikeka barazani akaweka matanga ya siku tatu. Majirani walinong'ona: matanga gani haya, maiti hayupo, na mwenyewe hakuwa Mwislamu? Babu akawajibu, "Sikumkalia yeye. Nimemkalia mwanawe." Wakaja wote.

"Mtu aliyekaliwa matanga na baba yangu," alisema Mjomba Athumani wiki mbili baada ya kumzika Babu, "leo anashindwa kuja kumkalia yeye? Hidaya, wewe si unapenda kusafiri na kuuliza maswali? Nenda kamuulize bwana mkubwa, arobaini anakuja au haji. Akisema haji, mwambie asije tena, wala jina lake tusilisikie nyumba hii. Nataka jibu la mdomo, si la simu."

Nilikubali upesi mno. Nilikuwa na kesi yangu binafsi, nayo ilikuwa ndani ya begi.

Tanga hadi Lusaka

Kuanzia Chalinze nilikaa na Mama Chausiku, mfanyabiashara wa vinyago na batiki, anayeijua njia ya Johannesburg kama ninavyoijua njia ya jikoni. Alinilisha karanga, mayai ya kuchemsha na maswali.

"Unasoma nini hicho, mwanangu? Toka tumeondoka hujainua kichwa."

"Tasnifu yangu ya chuo, Mama. Habari za waziri mmoja wa China, miaka zaidi ya mia nne iliyopita."

"Kafanyaje?"

"Kafiwa na baba yake, hakwenda."

Akafunga mfuko wa karanga. "Nieleze."

Nikamweleza. Enzi zile China, ofisa yeyote akifiwa na baba au mama alilazimika kukabidhi muhuri, kurudi kwao na kukaa na msiba miezi ishirini na saba. Hakuna kazi, hakuna karamu, hakuna nguo ya rangi. Waziri wangu alikuwa mkubwa kuliko wote. Mfalme mwenyewe alikuwa bado kijana, na nchi ilikuwa mikononi mwa waziri. Ilipofika habari ya msiba, aliomba ruhusa. Mfalme akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena.

"Sasa kosa lake nini?" aliuliza Mama Chausiku. "Kanyimwa ruhusa."

"Wengi waliamini alipanga mwenyewe anyimwe. Maofisa vijana wakaandika barua za kumshutumu, wakachapwa viboko mbele ya lango la jumba la mfalme. Kitabu kimoja kinasema mke wa mmoja wao aliokota nyama iliyobanduka mwilini mwa mumewe, akaikausha, akaitunza iwe ukumbusho."

"Astaghfirullah! Na wewe uko upande wa nani?"

"Wa waliochapwa."

"Naona," alisema. "Una uso huo." Kisha akafikiri. "Lakini huyo anayeomba ruhusa huku anaomba anyimwe, namjua. Yuko Kariakoo. Kila mwaka anang'atuka uenyekiti, kila mwaka tunamlilia abaki, na vilio anavipanga yeye."

Nilicheka, lakini nilijiona nimepata shahidi. Katika tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba waziri yule alikipenda kiti kuliko baba. Mwalimu wangu alipiga mstari kwa penseli chini ya sentensi hiyo, akaandika pembeni: Umemuuliza mwenyewe? Nilikasirika. Mtu aliyekufa karne nne zilizopita unamuulizaje? Sasa nilikuwa nakwenda kumuuliza mwingine wa aina yake, aliye hai, mwenye anwani.

Tulivuka Tunduma asubuhi. Upande wa pili wote ni barabara iliyonyooka na miti, miti na barabara, mpaka unaanza kutilia shaka kama basi linakwenda. Lusaka tulikula ugali na visamaki vya kapenta vilivyokaangwa na nyanya. Mama Chausiku akamwambia mpishi kwamba ugali wake ni laini mno. Mpishi akamwambia kwamba wetu ndio mgumu, wanaoupenda ni mafundi ujenzi. Waliagana kama ndugu.

Harare hadi mpakani

Harare basi lilikosa dizeli. Foleni ya magari ilizunguka mtaa mzima, nasi tukaingia mkiani tukakaa tangu asubuhi hadi alasiri. Mtu mmoja aliyevaa tai alishuka gari lake kila baada ya muda, akalisukuma hatua tatu, akaingia tena kusoma gazeti. Nilimuuliza kwa nini haliwashi. "Nikiwasha ili nisogee," alisema, "nitafika kwenye pampu nikiwa nadaiwa mafuta zaidi ya niliyokuja kununua." Alikuwa mhasibu. Alinipa nusu ya gazeti na mahindi ya kukaanga.

Kisha Beitbridge. Ofisa wa Afrika Kusini, mama mnene mwenye miwani, alinitazama juu ya kaunta.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Nina msiba."

Uso wake ukalainika. "Pole, dada. Nani?"

"Babu yangu."

"Amefia Johannesburg?"

"Hapana. Tanga, Tanzania."

"Anazikwa Johannesburg?"

"Ameshazikwa. Tanga."

Akavua miwani. "Dada. Msiba uko kaskazini, wewe unakwenda kusini. Unaukimbia?"

Nikaanza kumweleza habari za arobaini, na za mkwe asiyekuja. Akamwita mwenzake: "Njoo usikie, huyu anafuata waombolezaji waliopotea." Nyuma yangu Mama Chausiku alikuwa ananichoma kidole mgongoni. "Mwambie unatembea, Hidaya! Sema unatembea tu!"

Waligonga muhuri wakicheka. Mimi sikucheka. Swali lile lilinishika mpaka Johannesburg, maana siku Babu alipokuwa anakata roho nilikuwa maktaba nikimkamilisha Mchina wangu. Nilifika kwenye maziko, ndiyo, lakini nilifika kaburi linafukiwa. Hilo sikumwambia Mama Chausiku, na wengi wenu pia mlikuwa hamlijui.

Troyeville

Mama mdogo alinipokea stesheni pamoja na binti yake Lindiwe, mwenye miaka kumi na mitano. Lindiwe anaelewa kila neno la Kiswahili na halisemi hata moja. Mama yake anamsema kwa Kitanga, yeye anajibu kwa Kizulu au Kiingereza, na ugomvi unakwenda vizuri kabisa.

Nilitarajia nyumba ya bwana mkubwa. Nyumba yenyewe iko Troyeville, ya zamani, ukuta mmoja na jirani, veranda ya mabati, geti linalolia. Wenzake Themba kazini wamehamia vitongoji vya kaskazini vyenye bustani. Yeye alibaki, kwa sababu Mama mdogo alitaka kuwa mahali ambapo akitoka nje anaweza kumsalimu mtu shikamoo akaitikiwa. Chini kidogo, Bertrams, kuna Watanzania, Wakongo, Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake. Mama Furaha, Mkongo muuza nguo za mtumba, alinikaribisha kwa kusema, "Mutoto ya Tanga, karibu, unakonda sana, kwenu hamukulaka?"

Nilipofungua mlango wa sebule nilisimama. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Katikati ya sakafu ulitandikwa mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau. Niliutambua. Babu aliwapa siku ya harusi yao.

"Vua viatu," alisema Mama mdogo.

Siku Babu alipozikwa Tanga, walitandika mkeka ule na kukaa siku tatu. Themba alikwenda ofisini na suti asubuhi, akarudi alasiri, akavaa kanzu aliyoshonewa na Babu, akakaa mkekani na kupokea watu. Fundi simu mmoja, mtu wa kwetu Pongwe, aliongoza khitma. Mama Furaha, ambaye wala si Mwislamu, alileta sufuria la maharage kila jioni na kukaa jikoni na wanawake.

"Baada ya siku tatu nikataka kuukunja," alisema Mama mdogo. "Mikono ikakataa."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Ningemwambia Athumani nini? Kwamba baba tumemlilia kwa mbali, kama mechi ya redioni?"

"Na wewe mwenyewe, Mama mdogo, ungekuja peke yako."

Alikuwa anakanda unga wa maandazi. Maandazi ya mtaani kule, magwinya, ni makubwa na hayana iliki, na yeye hajawasamehe kwa hilo.

"Ningefika peke yangu, kila mtu angeniuliza yuko wapi. Kabla ya pole, yuko wapi. Ningeshinda msibani kwa baba yangu nikimtetea mume. Nikaona afadhali tukosekane wote, lawama iwe moja."

Hilo ndilo lililowapoteza. Tanga tulihesabu kukosekana kwao wote wawili kuwa kosa la Themba peke yake, na yeye alituacha tuhesabu hivyo.

Jioni ile nilifungua tasnifu yangu ukurasa ambao sikupenda kuukumbuka. Waziri yule alipobaki mjini, aliruhusiwa kuomboleza kiofisi: alivaa nguo za kawaida zisizo na rangi, akaacha kupokea mshahara, akarudi kwenye mafaili. Mfalme alipokuwa na sherehe, alibadili nguo, akahudhuria, akazivua tena. Mimi nilikuwa nimeandika neno moja juu ya hayo yote: maigizo.

Kanzu ya Themba ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, imekunjamana magotini.

Katikati ya jiji

Themba alinisalimu kwa Kiswahili cha miaka ya themanini, kama mtu aliyekiacha kabatini na kukitoa bila kukifua. Aliniita "Ndugu Hidaya". Nilikaa siku tatu nikimvizia, na ya nne nikamwambia wazi kwamba nimetumwa.

"Najua," alisema. "Athumani hawezi kumtuma mtu mbali hivyo kuja kusalimia. Njoo ofisini kesho, uone kwanza. Kisha unihukumu."

Ofisi iko ghorofa ya juu katikati ya jiji. Chini kuna maduka ya jumla, wachuuzi, na jengo la zamani ambalo kila ghorofa ina kanisa lake, na yote huimba kwa wakati mmoja. Hatukukaa dakika kumi naibu wake akagonga, Bwana Modise, kijana mtanashati mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mkurugenzi, pole tena kwa mkweo. Kwa kweli ungekwenda kupumzika na familia. Usiwe na wasiwasi na ofisi. Sisi tupo."

Alipotoka, Themba alicheka. "Wiki hii ameniambia hivyo mara ya tatu. Huyo Mchina wako, Mwanaisha ameniambia habari zake, naye alikuwa na naibu?"

Nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa fahari ya mwanafunzi. Ilikuwa desturi ya ofisi ile kwamba mkubwa akiondoka, siku ya tatu wa pili wake anahamia kiti cha kushoto, na wadogo wanakuja wamevaa joho jekundu kumpongeza. Waziri hakuwa hata ameondoka. Wakaja na majoho yao mekundu wakampongeza naibu, na naibu akapokea.

"Eish," alisema Themba. Hakuwa anacheka tena. "Na kiti kile kilikuwa cha kufanyia nini?"

"Unasemaje?"

"Mimi nauliza, Ndugu Hidaya. Kazi. Alikuwa anafanya nini ambacho naibu angekiharibu?"

Katika kurasa themanini na mbili nilizoandika, kazi yake nilikuwa nimeipa aya mbili: kupima mashamba upya, kuwabana wakubwa waliokwepa kodi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanivuta dirishani.

"Lile jengo la ghorofa tisa, lenye nguo zimeanikwa. Mwenye jengo alilitelekeza zamani. Mle kuna familia nyingi. Mama Furaha anauza nguo Bertrams, lakini anakaa humo, ghorofa ya nne. Hii hapa ni karatasi ya kuwatoa." Akagonga faili la njano. "Inataka saini ya mkurugenzi. Nimeirudisha mara mbili, nikidai waonyeshwe kwanza mahali pa kwenda. Siku nikiwa likizo, mkurugenzi ni Modise. Kalamu yake iko tayari toka mwaka jana."

Nilitazama zile nguo. Kulikuwa na shuka lenye picha ya magari.

"Kwa hiyo ulibaki kwa ajili yao," nilisema.

"Nilibaki kwa ajili yao, na nilibaki kwa sababu nakipenda hiki kiti. Usichague moja ukaacha lingine, utaandika uongo." Akakaa. "Huyo waziri na baba yake, walikuwa hawajaonana muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

"Mimi na wangu kumi na mmoja." Alilisogeza faili upande mmoja wa meza, kisha upande mwingine. "Babu yako aliniuliza, siku ile ya barua, baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema sijui tena. Akasema, basi kaa hapa siku tatu, tumkumbuke taratibu. Wewe ulimwandika babake waziri? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikuwa nimemwandika. Baba mtu katika tasnifu yangu alikuwa na kazi moja tu, ya kufa.

Sikuendelea kumshtaki. Lakini sikumwachia pia. Nilimwambia maneno ya Mjomba kama yalivyo: akisema haji, asije tena. Alirudi dirishani, akatazama lile jengo hadi makanisa ya chini yakamaliza wimbo.

"Nitakuja," alisema. "Nitapanda ndege siku mbili kabla."

Kurudi, hadi Chalinze

Mama mdogo hakutaka kusikia habari za ndege.

"Ndege zako nazijua, Themba. Mwaka juzi Idi uliahirisha. Mwaka jana baba alipougua uliahirisha. Utapanda basi, pamoja na mimi na Hidaya. Kwenye basi ukishaingia hakuna katibu wa kukushusha."

"Siku nne, Mwanaisha?"

"Babu zako walitembea kwa miguu. Sharp?"

"Sharp," alikubali mkurugenzi.

Mama Furaha na wanawe wawili walikubali kulala nyumbani na Lindiwe, ambaye alikuwa na mitihani. Alitusindikiza mpaka getini, akamshika Themba mkono kwa mikono yote miwili. "Baba, muende tu. Muzee alikuwa muzazi wenu. Musisumbuke na hapa. Sisi tuko."

Nilimwona Themba akishtuka. Maneno yalikuwa karibu yale yale ya Modise.

Msifikiri mkurugenzi ni abiria mzuri. Alikuwa na miguu mirefu, alisinzia mdomo wazi, na kila tulipopita mji alinyanyua simu yake dirishani kutafuta mtandao kama mtu anayeanika kitambaa. Harare tulikosa dizeli tena. Safari hii ilituchukua siku nzima, na pale kwenye foleni nilimwona Mama mdogo akihesabu kwa vidole, akakunja ngumi, akatazama nje. Arobaini ilikuwa imetuponyoka kwa hesabu za wazi.

Mkiwa mnatoka kusini, Chalinze ndipo njia zinapoachana: moja kwa moja ni Dar es Salaam, kushoto ni Tanga. Tulishuka hapo alasiri ya siku ya arobaini yenyewe. Simu ya Themba ikapata mtandao, ikaanza kulia kabla hajaweka begi chini. Alisikiliza muda mrefu, akijibu neno moja moja kwa Kizulu. Alipokata, alitueleza akiwa amesimama katikati ya wauza machungwa.

"Modise amekaimu tangu nilipoondoka. Kesho mchana wanakaa na lile faili. Katibu anasema nikipata ndege ya leo jioni Dar, nitawahi kikao."

Basi la Dar lilikuwa linaunguruma pale pale. La Tanga lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nitawaambia nilichofikiri, maana hakuna aliyeniuliza. Nilifikiria shuka lenye picha ya magari. Mimi niliyevuka nchi tatu kumfuata nikasema, "Baba mdogo, labda urudi."

"Wewe?" aliuliza Themba.

"Khitma wanaisoma sasa hivi," alisema Mama mdogo taratibu. Alikuwa ametazama chini. "Hata tukienda, tumeshachelewa. Mimi sitakulaumu. Nitafika peke yangu. Wakiniuliza uko wapi, nitawajibu."

Themba alitazama basi moja, akatazama la pili. Maofisa vijana wa China wangetoa chochote ili wamwone waziri wao amesimama hivi, bila wapambe, suruali ina vumbi, hajui.

"Baba yangu nilimlilia miezi mitatu baadaye," alisema mwishowe. "Babu hakuniambia nimechelewa."

Akavuka barabara.

Tanga

Tulifika baada ya Magharibi. Watu walikuwa wameondoka. Masufuria ya kuazima yalikuwa yameoshwa na kupangwa yarudishwe kwa wenyewe, na mikeka ilikuwa imekunjwa, imesimamishwa pembeni ya baraza. Mjomba Athumani alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Mama mdogo alimkumbatia, wakalia. Kisha Mjomba akamtazama Themba.

"Umechelewa, bwana mkubwa."

"Nimechelewa, shemeji."

Nilisubiri ajitetee. Nilitaka aseme habari za dizeli, za faili, za Modise. Alisimama tu pale chini ya ngazi, begi mkononi, kama mtu aliyeleta barua.

Mjomba alinyanyuka. Nilidhani anaingia ndani. Alikwenda kwenye mikeka, akachukua mmoja, akaukung'uta, akautandika barazani palepale, akausawazisha ncha kwa mguu.

"Twaha," alisema. "Vua viatu."

Themba alivua viatu. Simu ikaanza kulia mfukoni. Aliitoa, akaitumbukiza ndani ya kiatu cha kushoto, akapanda. Ililia humo kiatuni mara mbili tatu, hatukuigusa. Mama yangu alileta kahawa. Majirani waliosikia sauti walianza kurudi mmoja mmoja, na walikaa naye siku tatu.

Faili lilitiwa saini kesho yake mchana.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunakunja mkeka, nilimuuliza swali langu la mwisho. "Pale Chalinze, ungejua kwa hakika kwamba watatia saini, ungevuka barabara?"

"Nilijua kwa hakika, Hidaya," alisema. Hakuniita ndugu. "Ndiyo maana nilikaa wiki tano bila kuja."

Alirudi akakuta amepangiwa chumba kingine, upande usio na dirisha. Bado anaitwa mkurugenzi. Waziri wangu wa China, mkitaka kujua, alikwenda kumzika baba yake baadaye, ndani ya machela kubwa kama nyumba, akarudi haraka kwenye kiti. Alipokufa, maadui zake walimvua vyeo vyote na kufunga lango la nyumba yake kwa muhuri, familia ikiwa ndani. Ile sentensi kwamba alikipenda kiti kuliko baba nimeifuta. Sijaandika nyingine.

Mama mdogo alipiga simu wiki iliyopita. Jengo la ghorofa tisa ni tupu, madirisha yamezibwa kwa matofali. Mama Furaha na wanawe walikuwa wamekuja Troyeville kulala siku chache tu, Lindiwe asibaki peke yake. Hawana pa kurudi. Nikamuuliza wanalala wapi, nyumba yenyewe ndogo vile.

"Sebuleni," alisema. "Kwenye mkeka wa baba. Ule sijaukunja."